Kabla ya Kulipa Ada ya Masomo ya LPN Marekani

Ndugu zetu wengi wanaohamia Marekani huanza kazi wakiwa wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee, na baada ya muda huanza kuifikiria leseni ya LPN, yaani ya muuguzi anayehudumu chini ya usimamizi wa daktari au wa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, wa ngazi ya juu kuliko yeye. Katika majimbo ya Texas na California muuguzi huyu huitwa LVN.

Kabla ya kulipa hata dola moja, hakikisha kwamba chuo kimeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, kwa kuwa bila idhini hiyo huenda mhitimu asiruhusiwe kufanya mtihani wa NCLEX-PN, na pasipo mtihani huo hakuna leseni. Orodha ya vyuo isome katika tovuti ya Bodi yenyewe, wala usitosheke na maneno ya anayekusajili, hata kama ni mtu wa kwenu. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu vyeti bandia zaidi ya 7,600 vilivyotoka katika vyuo vitatu vya Florida, vikiwemo vya LPN, na baadaye baadhi ya waliovinunua walinyang'anywa leseni. Wakati huohuo tazama ni wanafunzi wangapi wa chuo hicho hufaulu mtihani mara ya kwanza.

Cheti cha sekondari cha nyumbani mara nyingi hutakiwa kutafsiriwa na kutathminiwa, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Aliyekimbia vita bila karatasi anaweza kufanya mtihani wa GED, unaohesabiwa kuwa sawa na cheti cha sekondari cha Marekani.

Chanjo anazotakiwa kuwa nazo mwanafunzi nazo zinahitaji muda, maana sindano tatu za homa ya ini aina ya B kwa kawaida huenea katika miezi sita. Kuhusu kifua kikuu, wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe maambukizi yasiyokuwepo. Kwa hiyo omba kipimo cha damu. Utachukuliwa pia alama za vidole ili rekodi yako ya makosa ichunguzwe, na mwenye hatia yoyote mahakamani aiulize Bodi mapema.

Masomo huchukua takriban mwaka mmoja kwa anayesoma kutwa, na mafunzo ya vitendo wodini huweza kuanza alfajiri, jambo linalomwelemea sana anayetoka zamu ya usiku. Weka akiba itakayokuwezesha kupunguza zamu.

Mtihani wenyewe una maswali 85 hadi 150 kwa muda usiozidi saa tano, ada yake ni dola 200, na anayeshindwa husubiri siku 45 au zaidi kabla ya kurudia. Kwa kuwa majina yetu matatu mara nyingi hupangwa tofauti katika kila hati, hakikisha jina ulilojisajilia linafanana na lililo kwenye kitambulisho, la sivyo utarudishwa mlangoni na ada yako itapotea.