Biti ikitoa unga badala ya nyuzi, inoe

Fundi geti, biti (ncha ya drili ya kutobolea chuma) ikianza kulia na kutoa unga, usiikandamize. Butu hiyo. Dukani chagua iliyoandikwa HSS (high speed steel, chuma kigumu kinachohimili joto) mkiani, upande unaoingia kwenye drili. Rangi ya dhahabu ni mpako tu, haithibitishi chochote. Ya kutobolea stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) iwe na kobalti.

Kunoa: ukali ulale usawa mbele ya jiwe la grainda, biti ifanye digrii 59 na uso wa jiwe, ncha nzima itoke digrii 118. Gusisha, kisha shusha mkia taratibu ili nyuma ya ukali ishuke digrii 8 hadi 12. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nyuma ikibaki juu, biti inasugua bila kula. Na makali mawili yakipishana urefu, tundu linatoka kubwa kuliko biti. Ikipata moto iache ipoe yenyewe, maana maji ya ghafla huleta nyufa.

Kutoboa milimita 10, gonga senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama ya tundu), tangulia na milimita 4, kisha mizunguko kama 800 kwa dakika. Mafuta je? Kigoma mawese hayakosekani, tone linatosha. Yafute vizuri kabla ya kupaka rangi.