Somo: Namna ya kumsaidia anayeuguza mgonjwa mahututi nyumbani, mbali na hospitali

Habari zenu, ndugu. Leo namzungumzia yule anayemgeuza mgonjwa usiku, anayemfulia na kukumbuka saa ya dawa. Mara nyingi ni mke, binti au mkwe. Wageni wakifika humjulia hali mgonjwa, yeye hakuna anayemuuliza. Na hospitali ikiwa mbali, hana wa kumpokea kazi isipokuwa ninyi mlio jirani naye.

Hatua ya 1: Mwite pembeni. Mbele ya mgonjwa atasema anaendelea vizuri. Mkiwa wawili tu, muulize mambo yanayojibika: jana ulilala kwa muda gani? Mgongo unauma? Kazi gani inakushinda?

Hatua ya 2: Gaweni kazi. Ziandikeni zote, kisha muondoleeni zile zisizomlazimu yeye: kuteka maji, kuni, mifugo, watoto wa shule. Anayeogopa kumhudumia mgonjwa bado anaweza kubeba ndoo.

Hatua ya 3: Pangeni zamu, kwa jina na siku. "Ukihitaji chochote niambie" ni maneno mazuri, lakini aliyechoka hana hata nguvu ya kuomba. Mwambie, "Jumanne mchana nakuja kukaa naye, wewe ulale." Kisha uende kweli. Mimi ningeanza na zamu za usiku, maana usingizi ndio unaoisha kwanza.

Hatua ya 4: Jifunzeni kumgeuza. Hapa msiharakishe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa 2, la sivyo atapata vidonda vya kulalia. Tandikeni shuka iliyokunjwa chini yake, toka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, wanaishika na kumsogeza bila kumburuta, kwani kuburuta huchubua ngozi. Kunjeni magoti, msipinde mgongo. Akilala ubavu, wekeni mto katikati ya magoti. Akilala chali, wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Kila siku kagueni visigino, nyonga, viwiko, mabega na sehemu ya juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo papaseni: penye joto, ugumu au rangi iliyozidi kukolea pameanza kuumia. Msipasugue. Mgonjwa asilalie hapo, na mhudumu wa afya aambiwe mapema.

Hatua ya 5: Daftari la dawa. Andikeni saa, kiasi, na maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Dawa ya maumivu ya kudumu hutolewa kwa saa, haingojewi mpaka mgonjwa alie. Mofini ya maji, yaani dawa kali ya maumivu ya kunywa, kwa kawaida ni kila baada ya saa 4. Hufunga choo, hivyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Tumeni mtu kufuata dawa kabla chupa haijakaribia kuisha, mkihesabu na siku za safari.

Hatua ya 6: Jueni nani ataitwa usiku. Namba ya mhudumu wa afya, mwenye chombo cha usafiri, na wa kubaki na watoto: yote yaandikwe ukutani.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mama hataki jirani amguse. Tufanyeje?*
Ni haki yake. Chagueni mtu mmoja, mwanamke mwenzake, aanze kwa kuja kukaa naye wewe ukiwepo. Akishamzoea, ombeni ruhusa kwa mama mwenyewe. Akikataa, jirani huyo afue.

*Swali: Mofini haitamfanya mzee awe teja?*
Akiitumia kwa maumivu kama alivyoandikiwa, ni nadra sana. Hofu hii imewaacha wagonjwa wengi wakiteseka bure. Ila akiwa mgumu kuamka na anapumua polepole mno, msimpe dozi nyingine. Mpigieni mhudumu mara moja.

*Swali: Baba hali, na ndugu wanamlaumu mkewe.*
Pole yake huyo mama. Maisha yanapokaribia mwisho mwili hupunguza haja ya chakula, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Mpeni kidogo anachokitaka, mloweshe midomo. Mwombeni mhudumu wa afya awaeleze ndugu hao yeye mwenyewe, mke asiachwe ajitetee peke yake.

*Swali: Namuuguza kaka yangu. Siku nyingine natamani yaishe, halafu najichukia.*
Dada, wazo hilo huwajia wengi wanaouguza, na wanawapenda wagonjwa wao. Umechoka. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia wiki hii. Ukikosa usingizi hata unapopata nafasi, nenda zahanati kwa ajili yako mwenyewe. Ukifikiria kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usibaki peke yako.

*Swali: Glavu zikiisha?*
Vaa mfuko safi wa plastiki mkononi unaposafisha kinyesi au damu, utupe, kisha nawa kwa sabuni na maji. Kumshika mkono au kumlisha hakuhitaji glavu.