Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwalimu Aliyesafiri Sana na Kupendwa na Wengi

Wasifu mwingi wa marehemu husomwa kama barua ya kuomba kazi: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, ameacha mjane na watoto. Taarifa hizo ni za lazima, lakini aya moja inazitosha. Mwalimu aliyetembea nchi nyingi ana ugumu wake zaidi, kwa kuwa waliomfahamu wametawanyika na kila kundi linamjua kwa upande mmoja tu. Wanafunzi wanamkumbuka mbele ya ubao, wanawe wanamkumbuka mezani, na waliosafiri naye huenda wanamkumbuka mtu ambaye familia haikupata kumwona.

Anza na karatasi kabla ya kuhoji watu. Kusanya pasipoti zake zote, zikiwemo zilizokwisha muda, pamoja na barua, kadi za posta, vyeti na picha, kisha chora jedwali la miaka lenye safu tatu: kazi, safari na nyumbani. Mhuri wa uhamiaji hutaja tarehe na mahali alipoingilia, na mhuri wa posta juu ya stempu hutaja siku ambayo barua ilitumwa. Zikiwekwa sambamba, karatasi hizo huanza kusimulia zenyewe. Tuseme pasipoti inaonyesha kwamba aliondoka mwezi Agosti, cheti cha kuzaliwa cha binti yake ni cha Septemba, na katika barua ya Oktoba anauliza mtoto amepewa jina gani na analala vizuri usiku. Ukiyaeleza hayo jinsi yalivyo, hutalazimika kuandika kwamba aliipenda familia yake. Uwe mwangalifu na tarehe za tarakimu tupu, kwani Wamarekani hutanguliza mwezi: 5/8 katika barua iliyotoka kwao ni tarehe 8 Mei, wala si 5 Agosti.

Unapohoji watu, usiulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa kwamba alikuwa mpole, mcheshi na mchapakazi, sifa ambazo hupewa karibu kila aliyefariki. Uliza alipoingia darasani alianza na nini, kitu gani kilimkasirisha, na alimfanya nini aliyeshindwa hesabu kwa mara ya tatu. Tafuta wanafunzi wa miaka yake ya mwanzo na wa miaka ya mwisho, kwa sababu mwalimu naye hubadilika. Mimi huwaamini zaidi wale waliokuwa wakipata alama za chini, kwa kuwa wao ndio walioujaribu uvumilivu wake. Omba ruhusa ya kurekodi mazungumzo, na kisa kikubwa kithibitishwe na mtu wa pili.

Orodha ya nchi alizofika iishie katika sentensi moja. Baada ya hapo chagua safari moja, au mbili ukizidi sana, ambazo zilimbadilisha namna ya kufundisha au ya kuishi na watu wake, na uonyeshe badiliko lenyewe: ramani aliyoanza kuitundika ukutani, au somo aliloanza kulifundishia nje ya darasa. Safari isiyo na athari ya namna hiyo, hata kama ilikuwa ya mbali kuliko zote, iachwe.

Kuhusu familia, hakikisha tahajia ya kila jina, na kama kuna ndoa ya awali au watoto wa mama tofauti, pata kauli ya wahusika kabla ya kuandika, kwani jina lililosahaulika huumiza kuliko sentensi mbaya. Kasoro ndogo inayojulikana na wote, kama vile kuazima vitabu bila kuvirudisha, humfanya awe mtu halisi. Madeni na maradhi yake yaachwe. Mjane ausome wasifu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msomaji asiye na haraka husoma takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maneno 700 yatachukua dakika 7 hivi, nazo zinatosha. Chapa kwa maandishi makubwa, weka namba za kurasa, na mpe nakala mtu mwingine atakayeendelea iwapo sauti ya msomaji itakatika.

Mwishoni rudisha kila hati kwa aliyekuazima. Picha ambazo watu wake wametambuliwa ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino huweza kupenya hadi upande wa mbele.