Kung'oa mabomba ya chuma nyumba ya zamani

Nyumba ya bibi hapa Wete, ukifungua mfereji asubuhi maji yanatoka rangi ya chai. Usibadilishe kipande kipande kama nilivyofanya mie mwanzo. Kutu ya bomba lililobaki inakuja kuziba jipya. Ng'oa yote.

Funga koki ya tangini, toa maji. Mie nilitumia PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto, ya milimita 20. Mashine ya kuchomelea iweke nyuzi 260. Bomba na kiungo vipate moto pamoja sekunde 5, kisha vichomeke vimenyooka, usizungushe. Na usikandamize! Plastiki inafura ndani. Elbo yangu ya kwanza, kile kiungo cha kona, niliikata, tundu limebaki la sindano.

Kabla ya plasta, jaza maji, funga mifereji, yalale humo. Asubuhi pitisha kiganja kila kiungo.