Kabla ya kuanza kupika kwa oda nyumbani
Kama unataka kuanza kupikia watu sherehe ukiwa nyumbani, usikimbilie kununua masufuria makubwa; hayo hukodishwa. Chagua vyakula vichache unavyovimudu, kisha piga hesabu ya sahani moja: mahitaji, gesi, vifungashio, usafiri, na ujira wako mwenyewe. Huo wa mwisho wengi huusahau, halafu wanashangaa oda zinaingia lakini pesa haionekani. Chukua malipo ya awali yanayotosha kununua mahitaji yote, la sivyo mteja akighairi hasara ni yako.

Jambo la kuangalia zaidi ni joto. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya 5. Katikati ya hapo bakteria huzaliana haraka, na kikikaa hivyo zaidi ya saa 2 ni hatari. Sufuria kubwa iliyojaa huchukua saa nyingi kupoa hata ikiwa ndani ya friji, kwa hiyo gawa chakula kwenye trei zisizo na kina. Nunua kipimajoto cha jikoni kabla hujafikiria sare na kadi za biashara. Na kibali cha afya, kiulizie mapema.