Tangi Kwanza, Beta Mwisho: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumleta Nyumbani

Samaki wa mapambo aina ya beta wengi huuzwa wakiwa ndani ya vikombe vya maji yasiyofika hata nusu lita, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Akimwona samaki yu mzima kikombeni, anaamini bakuli la lita 2 mezani litamtosha na kubaki. Siri ya kuvumilia kikombe ni kwamba beta (Betta splendens) ana kiungo juu ya matamvua, kiitwacho labirinthi, kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Maji yakipungukiwa oksijeni, yeye hupanda juu na kupumua. Ila labirinthi haimkingi na amonia, sumu inayotoka mwilini mwake mwenyewe na kwenye mabaki ya chakula. Wanaosema kwamba kwao beta ni vidimbwini husahau kwamba mashamba ya mpunga na vinamasi vya Thailand, kwenye asili yake, ni maji ya kina kifupi lakini yaliyotanda eneo kubwa, yana mimea tele na joto la kutosha.

Kwa hiyo samaki hununuliwa mwisho kabisa. Kati ya siku ya kujaza tangi na siku ya kumleta beta, tenga wiki 4 hadi 6. Anayenunua vyote siku moja hutumia mwezi mzima kubadilisha maji kila siku au kila baada ya siku moja, na mara nyingi samaki hatoki salama.

Tangi lisipungue lita 20 za maji halisi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 45 kwa 25 kwa 25 lina lita 28 likijaa pomoni. Ukiacha sentimita 4 za hewa juu, zinabaki lita 23 na ushei, na changarawe na mawe vitakula nyingine 2 au 3. Andika lita zilizobaki kwenye kipande cha karatasi ya gundi na ukibandike nyuma ya kioo, maana hiyo ndiyo namba utakayoitumia kila unapopima dawa. Anayepima kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi la tangi humzidishia samaki dawa. Chagua tangi pana lililolala, si lile jembamba la kusimama: beta mwenye mapezi marefu huchoka kupanda na kushuka kila anapotaka hewa.

Tangi la ukubwa huo likiwa na maji, changarawe na kioo chake hukaribia kilo 30. Meza itakayolibeba iwe imara, isiyoyumba, na uipime kwa pimamaji kabla ya kujaza, kwa sababu kioo kinachobeba uzito upande mmoja huachia kwenye maungio. Liwe mbali na dirisha linaloingiza jua, na lisikae juu ya spika. Kifuniko ni lazima. Beta huruka, na tundu la kupitishia waya linamtosha kabisa. Liache jembamba au lizibe kwa sponji. Kifuniko pia hutunza joto na unyevu wa hewa anayoivuta.

Joto linalomfaa ni nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, lisilopanda na kushuka ovyo. Kabla ya kununua hita, weka ndoo ya maji mahali tangi litakapokaa, ning'iniza kipimajoto ndani yake, na usome alfajiri na mchana kwa siku 3. Maji yasiposhuka chini ya 25 hata alfajiri, huna haja ya hita kwa msimu huo. Yakishuka nyuzi 3 hadi 5 chini ya kiwango, hita ya wati 25 yenye kidhibiti joto inatosha lita 20. Chumba chenye baridi zaidi kinahitaji wati 50. Hita isiwashwe ikiwa nje ya maji. Izime na uiache ipoe dakika 15 hadi 20 kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo chake hupasuka. Kipimajoto kibaki tangini daima, kwa kuwa namba iliyochorwa kwenye kitufe cha hita si ya kuaminika.

Filta bora kwa tangi dogo la beta ni ile ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi kusafisha, haina mkondo mkali, na sponji yake ni makazi mapana ya bakteria wanaosafisha maji. Nunua pamoja nayo vali mbili ndogo: moja ya kupunguza hewa, nyingine ya kuzuia maji kurudi. Hiyo ya pili wengi huiacha, hadi umeme ukatike: pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, maji hurudi kwenye mpira, huingia kwenye pampu na kumwagika sakafuni. Kila waya ulegee chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone likitiririka lidondoke chini badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Ukiona beta anajificha nyuma ya jani muda wote au mapezi yake yanakunjwa na mkondo, punguza hewa.

Changarawe ya ukubwa wa punje za mtama, kina cha sentimita 2 au 3, inatosha. Gololi za kioo zinapendeza, ila chakula huzama katikati yake na kuoza. Osha changarawe kwa maji matupu mpaka yatoke safi. Sabuni isiguse kitu chochote kinachoingia tangini. Dondoshea siki kidogo kwenye mawe: yakitoa povu yana chokaa na yatapandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Kila pambo lipitishie soksi ya nailoni; panaponasa soksi ndipo mapezi yatakapochanika.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria unaotaka kuwafuga. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24 klorini nyingi hutoka, lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, kusubiri hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini, na soma kwenye chupa kama inashughulikia kloramini pia. pH kati ya 6.5 na 7.5 inamfaa beta. Ikiwa yako ni 7.8 na haibadiliki, iache. Kuishusha kwa kemikali leo na kuiona imepanda kesho kunamuumiza zaidi.

Kinachofuata ni kukomaza tangi, yaani kuwafuga bakteria hao. Bakteria wa kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti; wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa viwango vidogo. Bakteria hawa huishi kwenye sponji, changarawe na majani; katika maji yenyewe ni wachache sana. Kwa hiyo maji ya tangi la jirani hayakusaidii, ila kipande cha sponji kutoka tangi lenye samaki wazima kinaweza kupunguza wiki 6 kuwa 2. Kisafirishe kikiwa kimelowa.

Washa filta, weka joto nyuzi 27, kisha ongeza amonia safi mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Amonia hiyo isiwe na manukato wala sabuni. Tikisa chupa, na povu likikaa bila kuvunjika, usiitumie. Ukiikosa, chakula cha samaki kidogo kilichoachwa kioze kitafanya kazi hiyo, ingawa polepole na bila kipimo cha uhakika. Pima kila baada ya siku 2 kwa vipimo vya matone, kwani vile vya karatasi hukosea zaidi. Amonia itaanza kushuka huku nitriti ikipanda, na hatua ya nitriti ndiyo inayokawia na kukatisha tamaa. Mambo yakisimama kabisa, pima pH: ikishuka chini ya 6, bakteria karibu hulala, na kubadilisha nusu ya maji huwaamsha. Tangi limekomaa unapoweka miligramu 2 za amonia na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma 0. Hapo badilisha maji mengi mpaka nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, kisha kamlete samaki ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu bakteria wasipopata chakula hupungua.

Kosa linaloharibu kazi hii yote kwa dakika 5 ni kuosha sponji chini ya bomba. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, mara moja kwa mwezi au hewa inapoanza kutoka kwa shida.

Mimea iwekwe wakati tangi linakomaa. Anubiasi na jimbi la Java hufungwa kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti. Ukizika lile shina nene lililolala kwenye changarawe, linaoza. Mimea inayoelea hupunguza mwanga na kumpa beta pa kupumzika karibu na hewa, ila isifunike uso wote wa maji. Taa iwake jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Zaidi ya hapo ni kulima mwani. Majani makavu ya mkungu, yaliyoanguka yenyewe na kuoshwa, hutoa tanini inayoyapa maji rangi ya chai na kushusha pH kidogo maji yakiwa laini, yaani yenye madini machache. Jani 1 kwa lita 20 linatosha. Hayatibu samaki mgonjwa, hata kama wauzaji husema hivyo.

Amua mapema kama ataishi peke yake. Kwa lita 20 jibu letu ni ndiyo, pengine na konokono mmoja. Madume wawili wasikae tangi moja kamwe, na dume na jike wawekwe pamoja kwa uzalishaji tu, chini ya macho yako. Kundi la majike linalosifiwa mno mitandaoni huhitaji tangi kubwa na akiba ya vyombo vya kuwatenganisha siku watakapogeukana. Samaki aina ya gapi wenye mikia mipana hushambuliwa kwa kudhaniwa beta wenzake.

Unapochagua, mwangalie kwa tochi kutoka ubavuni. Mng'ao kama vumbi la dhahabu mgongoni ni kimelea. Madoa meupe ya ukubwa wa punje ya chumvi ni kimelea kingine. Magamba yaliyosimama ni dalili mbaya kuliko zote, na hupaswi kumnunua kwa huruma. Mtembezee kidole mbele ya kioo: mzima atakifuata au atatanua mapezi. Mapezi yaliyobanwa mwilini, tumbo lililobonyea, jicho lenye ukungu, vyote ni sababu ya kumwacha.

Siku ya kumleta, zima taa na uuache mfuko uelee tangini dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Akiwa ametoka duka la karibu, ongeza robo kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa nusu saa. Akiwa amesafirishwa siku nzima au zaidi, usifanye hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dioksaidi hushusha pH, na amonia iliyojaa humo hubaki katika hali isiyo na makali. Ukifungua, pH hupanda na sumu huamka. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mhamishe mara moja. Kwa vyovyote vile maji ya mfuko yasiingie tangini. Asipokula siku ya kwanza, hata ya pili, si jambo la kutisha.

Chakula chake ni vidonge vidogo vya milimita 1 ambavyo kiambato cha kwanza ni samaki au mdudu, si unga wa nafaka. Vidonge 3 au 4 asubuhi, idadi hiyo hiyo jioni, na siku moja kwa wiki bila chakula. Dafnia (vijidudu vya majini) au mabuu wekundu wa usubi waliogandishwa wanaweza kuchukua nafasi ya mlo mmoja au miwili kwa wiki. Ataomba kila anapokuona. Tumbo lake likivimba na akaanza kuelea ubavu, kwanza fikiria ulimpa kiasi gani.

Kabatini kuwe na ndoo ya samaki pekee, mpira wa kufyonzea maji, dawa ya kuondoa klorini, vipimo, na chombo cha lita 5 chenye kifuniko cha kumtengea mgonjwa. Matibabu yafanyike humo, si tangini, kwa kuwa dawa kama methilini bluu huua na bakteria wa filta. Badilisha robo ya maji kila wiki, mapya yakiwa na joto sawa na ya zamani.

Umeme ukikatika, beta mwenyewe atapumua. Wanaoteseka ni bakteria wa sponji, na baada ya saa kadhaa bila hewa huanza kufa. Pampu ndogo ya betri huwaokoa, na blanketi kuzunguka kioo huchelewesha baridi. Usimlishe mpaka filta irudi kufanya kazi, kisha pima amonia siku 2 mfululizo.

Safari ya siku 3 hadi 5 haihitaji mtu wa kumlisha beta mzima. Ikizidi hapo, mwachie anayebaki nyumbani vifurushi vya karatasi, kila kimoja na vidonge vya siku moja, kisha ufiche kopo.