Rivolva ya kwanza: ya kubeba mjini na ya njia za milimani Colorado

Nunua ile rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ambayo mkono wako utakubali kuifyatua risasi hamsini kila mwezi. Nikiulizwa na wenzangu wa hapa Aurora, wawe Wakongo, Wakenya au Watanzania wenzangu, hilo ndilo jibu langu kabla sijataja kampuni wala namba ya risasi. Wengi wanaoniuliza ni akina mama wanaotoka kazini usiku wa manane, gari liko mwisho wa maegesho, na Jumamosi wanapanda milimani na watoto. Wanataka silaha moja ya kazi zote mbili. Inawezekana. Ila dukani, hasa ukiwa mwanamke, utasogezewa ile ndogo na nyepesi kuliko zote, na hiyo ndiyo wanaoanza huipiga mara mbili wakaifungia kabatini.

Karatasi kwanza, pesa baadaye. Muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu atakuuzia bastola ukiwa umetimiza miaka 21. Utajaza fomu 4473, na jina lako litakaguliwa kwenye kumbukumbu za jinai. Mwenye Green Card anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya masomo, ya utalii au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kubeba, hata ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyoandikwa katika sheria. Usidanganye kwenye fomu hiyo, na usimnunulie ndugu kwa jina lako kwa kuwa yeye amekataliwa. Hilo ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa sisi tusio raia kosa la silaha linaweza kuishia kwenye kurudishwa kwetu. Ukiwa na shaka yoyote, lipa saa moja ya wakili wa uhamiaji kabla hujaingia dukani.

Hapa Colorado kuna pia siku tatu za kusubiri baada ya kununua, sheria iliyoanza Oktoba 2023. Na kibali cha kubeba kwa kuficha hutolewa na sherifu wa kaunti yako, na tangu Julai 2025 unatakiwa uwe umepita mafunzo ya saa nane, yenye kupiga shabaha na mtihani wa kuandika. Wengine wanayalalamikia. Mimi naona saa nane ni chache.

Sasa silaha yenyewe. Ninaipenda rivolva kwa anayeanza kwa sababu haina slaidi, kile chuma cha juu cha bastola nyingine, ya kuvuta kwa nguvu, haina magazini (kasha la risasi) ya kusahau, na ukifungua silinda unaona mara moja kama ina risasi au haina. Risasi ikigoma, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Gharama yake uijue pia: nyingi za kubeba zina risasi tano tu, kujaza upya kunachukua muda, na triga ni ngumu. Kwenye zile ndogo za Smith & Wesson uzito wa kuivuta unafika kilo tano au zaidi. Kwa hiyo vidole vifanyishwe mazoezi.

Hapo ndipo uzito wa bastola unapoingia. Smith & Wesson 642, ambayo nyundo yake imefichwa ndani isinase nguo, ina uzito wa gramu 410 hivi. Ruger LCR ya risasi aina ya .38 Special, iliyotoka mwaka 2009, iko chini ya gramu 400, na triga yake ni laini zaidi. Zote mbili ni silaha nzuri, na mfukoni hutazihisi. Lakini wepesi huo huo ndio unaokurudia kiganjani kila risasi inapotoka, kwa sababu hakuna chuma cha kulimeza lile teke. Kuna nyepesi zaidi za .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, zisizofika hata gramu 350. Hizo mwachie fundi mzoefu. Mwanafunzi akipigwa teke namna ile huanza kufumba macho kabla hajafyatua, na kumwondolea tabia hiyo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya.

Chaguo langu mimi ni chuma: Ruger SP101 ya .357, mtutu wa inchi tatu, risasi tano, gramu 765 hivi. Nikiwa na mkanda mzuri, mgumu, haininingʼinii, na shati la kuachia linaifunika. Mtutu ule wa inchi tatu unarefusha umbali kati ya kijiti cha kulengea cha mbele na mfereji wa nyuma, kwa hiyo kosa dogo la mkono unaliona mapema. Anayehitaji kubeba mfukoni kabisa, kwa mfano anayevaa sare ya hospitali isiyo na mkanda, basi LCR ya .38, na aongeze mpini mkubwa wa mpira.

Kuhusu risasi, jambo la kushika ni hili: bastola ya .357 Magnum inapiga .38 Special bila tatizo, ila ya .38 haipigi .357. Ganda la .357 ni refu kidogo na shinikizo lake ni mara mbili. Ndiyo maana nashauri ununue ya .357 na uilishe .38 kwa mwaka wa kwanza, au maisha yote ukipenda. Ukipiga .357 kamili kutoka mtutu mfupi, moto unaotoka mdomoni usiku unapofusha kwa muda na mlio wake unaumiza masikio hata uwe nje. Mjini nabeba .38 yenye kichwa cha tundu, kinachopanuka kisipitilize kumfikia asiyehusika. Milimani nabadilisha: risasi nzito ya grani 158 (gramu 10 hivi), kichwa kigumu na bapa, kwa sababu kwa mnyama unahitaji ipenye ndani.

Ukiwa kaunta, chukua muda wako. Omba ruhusa ya kuivuta triga ikiwa tupu. Fungua silinda, tazama matundu yote kwa macho, kisha pitisha kidole. Shika mpini juu kabisa, na sehemu ya kwanza ya kidole cha shahada itue katikati ya triga bila kulazimika kupindisha mkono. Kisha elekeza mahali salama ambapo muuzaji amekuonyesha, vuta polepole hadi mwisho, na macho yako yabaki kwenye kijiti cha mbele. Kikizama au kikiyumba kila unapomalizia, mpini huo haukutoshi au triga hiyo imekuzidi. Jaribu nyingine. Usione haya kushika sita ukaondoka bila kununua.

Kama ni ya mkono wa pili, kuna kipimo kimoja nisichokiruka kamwe. Vuta triga mpaka nyundo ianguke, usiiachie. Ukiwa umeishikilia hivyo, jaribu kuzungusha silinda kwa vidole vya mkono wa pili. Mtikisiko mdogo sana unavumilika, ikicheza, irudishe. Rudia kwa kila tundu, kwa sababu tundu moja tu lisilokaa sawa na mtutu linarusha vipande vya risasi pembeni. Tazama pia chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje. Masizi yakijaa pale silinda inakuwa nzito kufunga, na yanakuambia mwenyewe alikuwa anaitunza vipi.

Kisha twende milimani, na hapa nitasema bila kuzunguka: kwa dubu, kinachotangulia ni kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Colorado tuna dubu weusi, puma (paka mkubwa wa mwituni) na musi, yule wa jamii ya kulungu mwenye pembe bapa aliye mkubwa kuliko ngʼombe. Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta dawa ya pilipili ilimsimamisha dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na karibu wote walioitumia dubu alipowakaribia hawakujeruhiwa. Wingu lile halihitaji shabaha ya mtu ambaye mikono inatetemeka. Nunua ya dubu, yenye usajili wa EPA, idara ya mazingira ya Marekani, si ile ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, na iwe kifuani au kiunoni. Iliyo ndani ya begi haina kazi. Na haipandi ndege.

Mkanda wa begi la mgongoni unakaa palepale holsta (ala ya bastola) ya kiunoni inapokaa, ndiyo maana wapanda milima wengi huvaa holsta ya kifuani. Ukifunika kwa koti, kisheria hiyo sasa imefichwa na inahitaji kibali. Katika hifadhi za taifa, tangu Februari 2010 unaruhusiwa kuwa na silaha kwa kufuata sheria za jimbo, lakini si ndani ya majengo ya serikali kuu, kikiwemo kituo cha wageni. Bustani za miji na kaunti zina sheria zao, na Denver imezuia silaha kwenye zake. Soma kibao kabla hujashuka garini.

Na jua mnyama wako, maana mara nyingi mnaachana salama bila silaha. Dubu mweusi na puma usiwakimbie: simama, jikuze, paza sauti, mnyanyue mtoto bila kumpa kisogo mnyama. Musi ni kinyume chake. Akilaza masikio na manyoya ya shingo yakisimama, kimbia ujifiche nyuma ya mti mnene. Mbwa mfunge kamba, kwa sababu ndiye humkasirisha musi kisha akakukimbilia wewe.

Tenga pesa ya kisanduku cha kufuli siku ileile unayonunua bastola. Nyumba zetu zina wageni, watoto wa dada, binamu aliyefika wiki jana. Juu ya kabati si maficho, na ndani ya pochi iliyowekwa kitandani ni pabaya zaidi. Kama nyumbani kuna mtu anayepita kwenye msongo mzito au aliyewahi kusema hataki kuishi, usiilete kabisa kwa sasa. Ukiiacha kwenye gari hapa Colorado, tangu Januari 2025 sheria inataka iwe ndani ya kisanduku kigumu kilichofungwa, isiyoonekana, na gari lenyewe lifungwe. Kwenye maegesho ya njia za milimani wezi huvunja vioo, hivyo kisanduku changu nimekifunga kwa waya wa chuma kwenye vyuma vya kiti. Na kabla ya safari ya ndege, kung'uta begi lote kitandani, mifuko ya ndani pia. Mwaka 2024 wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani walikamata zaidi ya silaha 6,600, na wengi wa wenye nazo walisema wamesahau.